Kubana Mafaili Bila Malipo: Chagua Muundo Kabla ya Programu

Mtu anapouliza ni programu ipi ya bure inayofaa kubana mafaili kwenye kompyuta yake, huwa ameuliza maswali mawili kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. Swali la kwanza linahusu muundo wa faili litakalotoka, yaani ZIP, 7z, RAR, tar.gz au mwingine wa jamii hiyo. La pili linahusu programu itakayolitengeneza. Programu hubaki kwenye kompyuta ya mtumaji, na ni yeye peke yake anayeishi nayo. Muundo ndio unaosafiri. Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo akibana taarifa za mwaka kwa 7z kwenye kompyuta yake ya Windows, kisha akazituma kwa wajumbe wote wa bodi, amekwisha kuwachagulia wote, pamoja na yule atakayefungua kiambatisho kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Simu ikikataa kulitambua faili hilo, lawama itaiangukia programu ilhali tatizo lilianza kwenye uchaguzi wa muundo.

Kwa sababu hiyo nitaanza na kinachotendeka ndani ya faili, nipite kwenye miundo, ndipo nifike kwenye kompyuta za aina mbalimbali. Msomaji mwenye haraka anaweza kuruka hadi sehemu ya mashine yake, ila ushauri wa huko hautaeleweka vizuri bila haya ya mwanzo.

Kazi tatu ndani ya kitufe kimoja

Programu hizi hufanya kazi tatu ambazo watumiaji wengi huzichukulia kuwa moja. Ya kwanza ni kufungasha: folda yenye mafaili mia mbili hugeuzwa kuwa furushi moja, ambalo ni rahisi kuliambatisha kwenye baruapepe au kulinakili kwenye flashi. Ya pili ni kubana, yaani kupunguza ukubwa. Ya tatu ni kufunga kwa nywila ili asiyehusika asisome kilichomo. Furushi linaweza kufungashwa bila kubanwa hata kidogo, na linaweza kubanwa sana bila kuwa na siri yoyote. Katika Linux kazi hizi zimetenganishwa waziwazi: tar hufungasha tu, gzip hubana tu, na ndiyo maana mafaili ya huko huwa na majina yenye mikia miwili, .tar.gz.

Ubanaji wenyewe umejengwa juu ya mawazo mawili ya zamani. Mwaka 1952 David Huffman alionyesha namna ya kuzipa alama zinazotokea mara nyingi misimbo mifupi na zile adimu misimbo mirefu. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walieleza njia ya kutambua sehemu ya data iliyokwisha kupita na, badala ya kuiandika upya, kuandika tu iko umbali gani nyuma na ina urefu gani. Mbinu inayoitwa Deflate, ambayo ZIP na gzip huitumia hadi leo, ni muunganiko wa mawazo hayo mawili. Jedwali la malipo lenye maneno “Halmashauri ya Wilaya” kwenye kila mstari, kwa mistari elfu kadhaa, hupungua sana, kwa kuwa karibu kila palipo na maneno hayo huwekwa rejea fupi inayoelekeza nyuma.

Tofauti kubwa kati ya mbinu moja na nyingine ni umbali ambao rejea hiyo inaweza kufika. Deflate hutazama nyuma KB 32 tu. LZMA, mbinu iliyo ndani ya 7z, huweza kutazama nyuma makumi ya MB, na kwa hiyo hugundua marudio ambayo Deflate imekwisha kuyasahau. Ubora huo una gharama, kwani kumbukumbu ndefu namna hiyo ni lazima ikae mahali, nayo hukaa kwenye RAM ya kompyuta. Nitalirudia jambo hili kwa wenye mashine za zamani.

Hapo pia ndipo panapoeleweka kwa nini picha na video hazipungui. JPEG, MP3 na MP4 ni miundo iliyokwisha kubana data tangu mwanzo, na marudio ambayo programu ya kubana ingeyatafuta hayamo tena. Mwenye GB tatu za picha za harusi anaweza kuziweka kwenye ZIP, 7z au RAR kwa kiwango cha juu kabisa, na furushi litakalotoka litakuwa na GB tatu au pungufu kidogo sana. Anachohitaji ni kupunguza vipimo vya picha zenyewe, au kukubali kuzifungasha bila kuzibana ili aokoe muda.

Nyaraka za ofisi nazo zimo kwenye kundi hilo, na hili linaweza kuthibitishwa kwa mkono. Chukua nakala ya faili lolote la .docx, libadilishe jina liishie na .zip, kisha lifungue. Ndani kuna folda iitwayo word, na ndani ya folda hiyo kuna faili la document.xml lenye maandishi yako yote. Kama waraka una picha, zitakuwa kwenye folda iitwayo media, kila moja na jina lake. Faili la Word la kuanzia toleo la 2007 ni furushi la ZIP lililovishwa jina jingine, na ndivyo zilivyo .xlsx, .odt, .epub na hata .apk za programu za Android. Ukilifungua faili hilo kwa Notepad utaona takataka za alama, ila herufi mbili za mwanzo kabisa zitasomeka: PK. Ni herufi za jina la Phil Katz.

Kwa nini ZIP imeenea na RAR haijafunguka

Katz aliishi Milwaukee, Marekani, na mwaka 1989 kampuni yake ya PKWARE ilitoa programu ya PKZIP pamoja na maelezo kamili ya muundo wa ZIP, yakiwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuutumia. Uamuzi huo ulikuwa na nguvu kuliko ubora wowote wa ubanaji. Kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa wala kulipa, kila mtengenezaji wa mfumo endeshi aliuingiza, na leo Windows, macOS, Linux za mezani, Android na iPhone zote hufungua ZIP bila kusakinisha chochote. Kwa faili linalokwenda kwa watu usiowajua au wengi wenye vifaa tofauti, sioni sababu ya kutafuta muundo mwingine.

Hata hivyo ZIP ina umri wake. Muundo wa awali haukuweza kubeba faili la zaidi ya GB 4 wala furushi lenye mafaili zaidi ya 65,535. Nyongeza iitwayo Zip64 iliondoa mipaka hiyo, na programu zote za kisasa zinaitambua, lakini kifaa cha zamani kinaweza kukwama. Majina ya mafaili nayo yalisanifiwa kwa herufi za kompyuta za IBM za enzi hizo. Kwa majina ya Kiswahili hilo halisumbui, maana herufi zetu ni za kawaida. Husumbua majina ya Kiarabu, na wakati mwingine yale ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi, ambayo mtu wa Bujumbura au Lubumbashi anayajua vyema; programu ya zamani ikiyabana, yanaweza kutokea upande wa pili yakiwa yamevurugika. Programu za sasa huandika majina kwa UTF-8, mfumo wa herufi unaobeba maandishi ya lugha zote, na tatizo huisha.

RAR ilibuniwa na Mrusi Eugene Roshal mwaka 1993. Ilijipatia wapenzi kwa sababu nzuri: ilibana vizuri kuliko ZIP, iligawanya faili kubwa vipande vipande, na iliweza kuongeza ndani ya furushi data ya ukarabati inayookoa faili lililoharibika kidogo. Lakini kutengeneza RAR ni haki ya mmiliki peke yake. Msimbo wa kufungua umetolewa kwa umma, na leseni yake inakataza kuutumia kubuni upya mbinu ya kubana. Ndiyo maana 7-Zip, PeaZip na nyinginezo hufungua RAR bila shida lakini hazina uwezo wa kuitengeneza, na hazitakuwa nao kwa sasisho lolote. Anayetumiwa RAR hahitaji kununua chochote. Anayetaka kuituma ndiye anayepaswa kujiuliza kwa nini.

Hapa ni mahali pa kusema wazi kuhusu WinRAR, ambayo imejaa kwenye kompyuta za maofisi na vibanda vya steshenari kana kwamba ilizaliwa pamoja na Windows. Si programu ya bure. Ni ya majaribio ya siku 40, na kwamba huendelea kufanya kazi baada ya hapo huku ikimkumbusha mtumiaji kununua ni ustahimilivu wa wenye nayo, hauondoi sharti la leseni. Kwa mtu binafsi huenda jambo hili likaonekana dogo. Kwa shule, shirika au ofisi ya umma yenye kompyuta arobaini, ni programu arobaini zisizolipiwa, tena kwa kazi ambayo programu huria huifanya bila deni.

Muundo wa 7z ulikuja na 7-Zip, kazi ya Igor Pavlov, pia wa Urusi, iliyoanza kutolewa mwaka 1999. Huwa unabana zaidi kuliko ZIP na uko wazi. Udhaifu wake ni kwamba si kila kifaa hufungua 7z bila msaada, na kwamba hauhifadhi taarifa za mmiliki wa faili zinazohitajika katika Linux, kwa hiyo haufai kuhifadhia nakala rudufu za seva. Huko tar bado ndiyo mfalme wa kufungasha, ikifuatwa na programu ya kubana kama gzip, xz au zstd. Gzip iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992 kwa sababu programu iliyotangulia ilitumia mbinu yenye hataza. Zstd, kazi ya Yann Collet akiwa Facebook, ilitolewa mwaka 2016 na hupendwa kwa kasi yake.

Kuna jambo moja la miundo ambalo kwa watu wa bando lina uzito wa pekee. ZIP huweka orodha ya yaliyomo mwishoni mwa faili, na 7z hali kadhalika. Bando likikatika upakuaji ukiwa umefika asilimia tisini na tano, kilichokosekana ni ile orodha yenyewe, na programu itadai kwamba faili si halali ingawa karibu data yote ipo. Kabla ya kusakinisha programu ya tatu na ya nne ukitumaini kwamba mojawapo italifungua, linganisha ukubwa wa faili ulilonalo na ule uliotajwa na mtumaji. Zikitofautiana, dawa ni kupakua upya. Tar.gz iliyokatika hutoa angalau yale yaliyotangulia mahali ilipokatikia.

Kompyuta za Windows

Windows imekuwa ikitengeneza na kufungua ZIP yenyewe tangu siku za XP, na kwa mtu anayebana folda mara moja kwa mwezi hiyo inatosha. Tangu Oktoba 2023, Windows 11 ilianza kufungua pia RAR, 7z na tar kupitia sasisho, na toleo la 24H2 la mwaka uliofuata likaongeza uwezo wa kutengeneza 7z na tar. Mafurushi ya RAR na 7z yaliyofungwa kwa nywila bado hayakuwamo katika uwezo huo. Windows 10 haikupata nyongeza hizo, ingawa tangu 2018 ina tar ndani ya dirisha la amri: kuandika tar -xf na jina la faili hutosha kufungua tar.gz, na hata ZIP.

Zaidi ya hapo, chaguo langu la kwanza ni 7-Zip, na sababu si ubanaji wake peke yake. Kisakinishi chake hakifiki MB 2, jambo la maana kwa anayelipia kila MB. Hufanya kazi kwenye Windows za zamani kabisa kama XP, hakina matangazo, na leseni yake inaruhusu kutumiwa hata katika kampuni ya biashara bila malipo wala usajili. Sura yake ni ya kizamani, hilo nakubali, na mtu asiyezoea anaweza kuogopa dirisha lake lenye vitufe na orodha nyingi. Lakini wengi hawatalifungua dirisha hilo kamwe, kwa kuwa kazi yote hufanyika kwa kubofya kulia juu ya folda.

Kwa anayetaka sura ya kirafiki ipo PeaZip, huria pia, iliyoanzishwa na Giorgio Tani. Ina uzito zaidi, lakini hupatikana kwa Windows, Linux na macOS, na ofisi yenye kompyuta mchanganyiko inaweza kuwafundisha watu wake programu moja tu. Ina pia toleo lisilohitaji kusakinishwa, linaloweza kukaa kwenye flashi na kutumiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine ambayo huna ruhusa ya kuibadilisha.

Mashine za zamani zinahitaji uangalifu. Katika 7-Zip, ukichagua kiwango cha juu kabisa chenye kamusi (ile kumbukumbu ya kutazama nyuma) ya MB 64, ubanaji utahitaji zaidi ya MB 600 za RAM, na kwenye kompyuta yenye GB 2 ambayo tayari ina kivinjari kimefunguliwa, kila kitu kitaganda. Hesabu hiyo huandikwa kwenye dirisha lenyewe la kubana, chini ya chaguo za kamusi, na mtu anaweza kuipunguza mpaka ilingane na mashine yake. Anayefungua huhitaji kidogo zaidi tu ya ukubwa wa kamusi, yaani takribani MB 66 kwa mfano huu, kwa hiyo mzigo mkubwa ni wa anayebana.

Flashi nazo zina mpaka wake. Nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja la kufikia GB 4, hata flashi ikiwa na GB 64 tupu. Ujumbe unaotokea husema faili ni kubwa mno, na watu hudhani flashi ni feki. Ama flashi ipangwe upya kwa exFAT, jambo litakalofuta vilivyomo, ama furushi ligawanywe: 7-Zip ina sehemu ya kuandika ukubwa wa kila kipande, na hutoa mafaili yanayoishia na .001, .002 na kuendelea. Anayepokea aviweke vyote kwenye folda moja na kufungua cha kwanza. Kikikosekana kimoja, furushi lote limekwama.

Mac, Linux na simu

Katika macOS, kubofya kulia na kuchagua kubana hutoa ZIP, na kubofya mara mbili huifungua. Mpokeaji aliye kwenye Windows atakuta ndani yake folda ya ziada iitwayo __MACOSX, yenye mafaili madogo ambayo majina yao huanza kwa nukta na mstari wa chini. Wengi huingiwa na hofu kwamba ni virusi. Ni taarifa ambazo Mac hujiandikia kuhusu mafaili, na zikifutwa kwenye Windows hakuna kinachoharibika. Mac haifungui RAR yenyewe. The Unarchiver, ambayo haina malipo na siku hizi iko chini ya kampuni ya MacPaw, hufanya kazi hiyo, lakini hufungua tu. Anayetaka kutengeneza 7z, au ZIP isiyokuwa na yale mafaili ya ziada, achukue Keka. Keka hutolewa bure kwenye tovuti ya mtengenezaji wake na kuuzwa kwenye duka la Apple. Ni programu ileile, na anayelipa huwa amechangia kazi.

Mtumiaji wa Linux ana kila kitu karibu. File Roller upande wa GNOME na Ark upande wa KDE, yaani mazingira mawili ya mezani ya Linux, ni madirisha yanayoziita programu nyingine nyuma ya pazia, kwa hiyo dirisha likidai kwamba halitambui muundo fulani, kinachokosekana kwa kawaida ni kile kifurushi cha nyuma: 7zip kwa 7z, na unrar kwa RAR. Kwenye Debian na Ubuntu, unrar huwekwa kando katika hazina ya programu zisizo huru kwa ajili ya leseni ile niliyoieleza.

Simu hazina mengi. Programu ya Files ya Google hufungua ZIP kwenye Android. Kwa 7z na RAR, ZArchiver ni maarufu na haina malipo. IPhone hufungua na kutengeneza ZIP ndani ya Files tangu iOS 13.

Nywila

Sehemu hii ndiyo inayoleta madhara ya kweli. ZIP ina mifumo miwili ya kufunga kwa nywila inayoonekana sawa kwa mtumiaji. Wa kwanza, uitwao ZipCrypto, ulianza na PKZIP, na tangu 1994 Eli Biham na Paul Kocher walikwisha kuonyesha namna ya kuuvunja pale mshambuliaji anapojua sehemu ndogo ya kilichomo. Wa pili ni AES, mbinu ya kisasa ya usimbaji, ambayo hadi leo haijavunjwa. Ugumu wote uko kwenye kuchagua. Ukitengeneza ZIP kwa 7-Zip na kuandika nywila bila kugusa kitu kingine, utakuwa umetumia ZipCrypto, kwa kuwa ndiyo chaguo la awali. AES-256 iko kwenye kisanduku kilicho chini ya nywila, na ni lazima uichague. Amri ya zip -e ya Linux na macOS hutumia ZipCrypto pia.

Kwa nini chaguo dhaifu liachwe mbele? Kwa sababu lina upatanifu. File Explorer ya Windows 10 hufungua ZIP ya ZipCrypto lakini hushindwa ile ya AES, tena kwa ujumbe wa hitilafu usiotaja nywila kabisa. Amri ya unzip ya Linux nayo huikataa. Mtumaji basi yuko mbele ya chaguo lisilokwepeka: ulinzi dhaifu ambao kila mtu ataufungua, au ulinzi wa kweli unaomlazimu mpokeaji awe na 7-Zip, PeaZip, Keka au ZArchiver. Kwa matokeo ya wanafunzi, rekodi za wagonjwa au orodha ya mishahara, siamini kwamba kuna la kufikiria. Wapelekee wapokeaji maelekezo ya kupata programu, na utume nywila kwa njia tofauti na ile iliyobeba faili. Nywila iliyoandikwa kwenye baruapepe ileile yenye kiambatisho haimlindi mtu.

Hata kwa AES, ZIP huacha majina ya mafaili wazi. Yeyote mwenye furushi anaweza kusoma kwamba ndani kuna “barua ya kusimamishwa kazi” na jina la mhusika, ingawa hawezi kuifungua. 7z huficha na majina pia, mradi uweke alama kwenye kisanduku cha kusimba majina. Kwa siri ya namna hiyo, 7z ndiyo muundo sahihi, hata kama mpokeaji atanung’unika.

Programu ya kufungua ni mlango

Programu inayofungua mafurushi husoma data iliyoandaliwa na mtu mwingine, na kosa dogo ndani yake ni nafasi kwa mhalifu. Mwaka 2019 kampuni ya Check Point ilifichua udhaifu katika WinRAR uliokuwa umekaa kwa miaka 19 kwenye sehemu ya kufungua muundo wa ACE, ambao karibu hakuna aliyekuwa bado anautumia. Agosti 2023 toleo la 6.23 liliziba tundu lililowawezesha wahalifu kuficha programu nyuma ya kile kilichoonekana kuwa picha au waraka. Julai 2025 likaja toleo la 7.13 kuziba jingine, lililoruhusu furushi kupenyeza faili kwenye folda ya mambo yanayojiwasha kompyuta inapoanza.

7-Zip haikusalimika. Matoleo ya kabla ya 24.09, la Novemba 2024, hayakuhamisha ipasavyo ile alama ambayo Windows huliwekea faili lililotoka intaneti, na onyo la usalama likakosa kutokea kwa mafurushi yaliyo ndani ya mafurushi. Na Machi 2024 ulimwengu wa Linux ulishtuka pale Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alipoona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuiendesha kompyuta ya mbali, kunachukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipofuatilia, alikuta mlango wa siri umepandikizwa kwa makusudi ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz. Uligunduliwa kabla haujafika kwenye matoleo makuu ya kudumu ya Linux.

Linux na maduka ya simu husasisha programu hizi zenyewe au kwa amri moja. 7-Zip na WinRAR kwenye Windows hazijisasishi. Kompyuta iliyowekewa programu mwaka 2018 na fundi aliyekwisha kuhama mji bado ina toleo la 2018, na hakuna dirisha litakalomwambia mwenyewe. Fungua sehemu ya maelezo ya programu, soma namba ya toleo, na uilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti rasmi. Kwa 7-Zip tovuti hiyo ni 7-zip.org. Ukiitafuta kwa jina, matokeo ya juu yanaweza kuwa matangazo au tovuti zilizoiga jina, ambazo hutoa kisakinishi kilichochanganywa na mambo mengine. Andika anwani mwenyewe.

Furushi likishatengenezwa, usifute ya asili papo hapo. 7-Zip na PeaZip zina kitufe cha kujaribu, kinachosoma furushi lote na kulinganisha kila faili na hesabu yake ya ukaguzi bila kutoa chochote kwenye diski. Katika Linux, unzip -t na gzip -t hufanya vivyo hivyo. Fanya jaribio hilo kwenye nakala iliyokwisha kufika kwenye flashi, kwa kuwa flashi iliyochoka huharibu data wakati wa kunakili, na jaribio lililofanyika kwenye diski ya kompyuta haliwezi kulibaini hilo.